Mama ana sukari na presha: uyoga ni mboga au ni dawa?

Binti mmoja wa Umoja, hapa Nairobi, ameniandikia hivi: "Habari ya kazi, mama. Mamangu ana miaka 63 na anaishi nami. Ana ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa sasa, na presha kwa miaka minne. Anameza metformini asubuhi na jioni, pamoja na kidonge kimoja cha presha. Jirani yetu amemletea kopo la unga wa uyoga, akamwambia anywe vijiko viwili kila asubuhi na baada ya wiki tatu aachane na vidonge. Mama hakungoja hizo wiki tatu. Leo ni siku ya nne hajameza dawa. Najilaumu, kwa sababu ni mimi niliyeanza kumpikia uyoga wa oista kutoka soko la City Park baada ya kusikia kwamba unashusha sukari. Je, ni kweli? Kama ni kweli, unapikwaje ili nguvu yake isipotee? Tena kuna uyoga mweupe unaoota kwenye nyasi za ploti yetu mvua ikinyesha. Mama anasema kwao waliula uyoga wa porini. Tuuchume?"

Salamu zako nimezipokea, mwanangu. Kuna jambo lisiloweza kungoja nimalize maelezo, kwa hiyo nalitanguliza. Mama arudie vidonge vyake leo hii, kwa kipimo kilekile alichoandikiwa, na asimeze mara mbili ili kufidia siku alizoruka. Kesho asubuhi mpeleke kliniki anakohudhuria, au hata zahanati iliyo karibu, apimwe sukari na presha, na mseme wazi kwamba amekaa siku nne bila dawa. Ukimwona ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara, anatapika, anahema, amechanganyikiwa au kifua kinambana, usingoje kesho. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Na hiyo lawama iweke chini. Ulichompikia ni chakula kizuri, nami ningependa uendelee kukipika. Ila nataka ujue kinamsaidia vipi, ili asitokee mwingine tena wa kumpa mama ahadi ambazo uyoga wenyewe hauwezi kuzitimiza.

Habari ya kwamba uyoga unashusha sukari ina chanzo. Huo unaonunua City Park, wenye kofia pana mfano wa sikio au gamba la chaza, wataalamu wanauita Pleurotus ostreatus, nao umechunguzwa sana. Mwaka 2007 watafiti wa Bangladesh walichapisha matokeo ya wagonjwa 89 wa kisukari waliolishwa uyoga huo kwa wiki moja, wakaachishwa wiki moja, kisha wakalishwa tena. Walipokuwa wakila, sukari, presha na lehemu (kolesteroli) zilishuka. Walipoachishwa, sukari na lehemu zikapanda tena. Mtu akisikia hivyo anaona njia imefunguka, na hata mimi nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza nilifurahi.

Lakini tazama muda wake. Ugonjwa wa mama una miaka tisa, na kipimo cha damu tunachokitegemea kujua kama sukari imetulia ni kile kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Wiki moja ya sahani za uyoga haiwezi kusomeka kwenye kipimo hicho. Tena mtu anapowekewa sahani ya uyoga, kuna kitu kimetolewa kwenye sahani hiyo ili uyoga upate nafasi. Huenda ni nyama ya mafuta, huenda ni kijiko cha nne cha wali. Kilichoondoka kinaweza kuwa kimesaidia sawa na kilichoingia.

Upande wa lehemu kuna kisa ninachokipenda. Huko Japani alizaliwa mwaka 1933 mtoto wa mkulima aitwaye Akira Endo, katika mkoa wa Akita. Utotoni alishangazwa na uyoga fulani wa kwao unaoua nzi lakini haudhuru watu. Alipokuwa mtaalamu wa kemia aliendelea na kuvu, akapima aina zipatazo 6,000 akitafuta kitu cha kuzuia ini lisitengeneze lehemu kupita kiasi. Mwaka 1973 alikipata katika kuvu ya kijani inayoota kwenye nafaka. Huo ndio mwanzo wa dawa zote za jamii ya statini ambazo leo mamilioni ya watu wanazimeza, wakiwemo wagonjwa wengi wa kisukari hapa Kenya. Mojawapo, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na baadaye ikajulikana kwamba uyoga wa oista nao una lovastatini ya asili.

Hapo ndipo wauzaji wa unga wanaposimama na kupiga makofi. Wasichosema ni kwamba kiasi cha lovastatini ndani ya uyoga hubadilika kutoka mfuko mmoja wa shamba hadi mwingine, kulingana na mbegu, chakula ilichooteshewa na umri wa kuchunwa. Kidonge kimepimwa kwa miligramu, na daktari anajua amempa mgonjwa ngapi. Sahani haijapimwa. Kama siku moja mama ataandikiwa statini, aimeze kama alivyoandikiwa na uyoga ale kama mboga, bila kuhesabu kimoja ndani ya kingine.

Sasa nije kwenye kazi ambayo uyoga unaifanya kweli, nayo si ndogo.

Gramu 100 za oista mbichi ni maji kwa karibu gramu 90. Wanga ni kama gramu 6, na kati ya hizo zaidi ya gramu 2 ni nyuzinyuzi. Nishati yake ni kama kalori 33 tu. Kipande cha ugali cha uzito huohuo kina wanga mara nne au zaidi. Maana yake ni kwamba mama anaweza kujaza bakuli la uyoga, akala akatosheka, na sukari yake isiruke kama ambavyo ingeruka kwa kuongeza ugali. Nyuzinyuzi hizo, hasa zile zinazoitwa beta-glukani, zikifika tumboni huvuta maji na kuwa kama uji mzito, na hivyo chakula kinachukua muda zaidi kupita na sukari inaingia kwenye damu taratibu. Kwa hiyo unaposema uyoga unashusha sukari, sema hivi: ukikaa mahali pa chakula kinachopandisha, sukari haipandi sana.

Kwa presha, msaada wake mkubwa naona watu wengi hawauzungumzii. Uyoga wenyewe una ladha nzito, ile ya mchuzi wa nyama uliochemka muda mrefu, na hii hutokana na viini vya asili vilivyomo, ambavyo huzidi ukikaushwa. Chakula chenye ladha hiyo hakihitaji chumvi nyingi ili kiwe kitamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi ya kwenye mkate, soseji na vile viungo vya paketi tunavyovimimina kwenye kila mchuzi. Ukitumia uyoga uliokaushwa na kusagwa badala ya viungo vya paketi, umempunguzia mama chumvi bila kumnyima utamu, na mgonjwa wa presha asiponyimwa utamu huwa havunji masharti.

Kuna sehemu mbili ambazo lazima nikuzuie kidogo. Ya kwanza ni hii sifa ya "nyama ya maskini". Katika gramu 100 za uyoga mbichi protini ni kama gramu 3. Maharagwe yaliyochemshwa, kwa uzito huohuo, yana karibu mara tatu ya hapo, na nyama iliyopikwa ina zaidi sana. Watu husikia kwamba uyoga mkavu una protini nyingi kwa asilimia, ambayo ni kweli, wakasahau kwamba hakuna anayekula gramu 100 za uyoga mkavu kwa mlo mmoja. Mama wa miaka 63 anahitaji protini ili misuli isiishe, kwa hiyo uyoga uandamane na ndengu, maharagwe, yai au omena.

Ya pili inahusu metformini yenyewe. Mtu anayeimeza miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na dalili zake, kama ganzi na kuchomachoma miguuni, hufanana na zile za mishipa ya fahamu iliyodhurika na sukari. Uyoga karibu hauna B12 kabisa. Mama akiacha nyama, maziwa, mayai na samaki akabaki na uyoga, tutakuwa tumemtoa kwenye shimo moja na kumtia jingine. Siku hiyo ya kliniki uliza kama B12 yake imewahi kupimwa. Baada ya miaka tisa ni swali la haki kabisa.

Kama figo za mama zimeshaanza kusumbua na ameambiwa apunguze potasiamu, basi kiasi cha uyoga kiamuliwe na mtaalamu wa lishe wa kliniki yake, kwa kuwa gramu 100 zina potasiamu kama miligramu 400. Na kama ana jongo, asiule kwa wingi kila siku. Kama hana hayo mawili, aule bila wasiwasi.

Sasa lile kopo. Najua jirani amelileta kwa upendo, na huku kwetu jirani akikuletea kitu kwa mikono miwili ni vigumu kukirudisha. Lakini lisome. Linasema ni uyoga wa aina gani? Mengi ya makopo haya huwa na Ganoderma, ambao ni uyoga mgumu kama ubao na haupikwi kuwa mboga. Katika tiba ya jadi ya Uchina umeheshimiwa kwa karne nyingi, na heshima hiyo siidharau. Ila mwaka 2015 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima upya, waliangalia Ganoderma kwa watu wenye kisukari cha ukubwani na hawakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake kwa ugonjwa huo. Tena uyoga huo unaweza kuongeza kutokwa na damu kwa mtu anayemeza dawa za kuyeyusha damu. Na kama mgonjwa anadungwa insulini au anameza glibenklamidi, kidonge kingine cha sukari, kuongeza unga wowote unaosemekana kushusha sukari kunaweza kuishusha kupita kiasi: mwili unatetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, maneno yanamchanganyikia.

Kitu kikiuzwa Kenya kwa jina la dawa kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kikiuzwa kama chakula, basi ni chakula, na muuzaji hana ruhusa ya kumwambia mtu aache vidonge. Libebeni kopo lenyewe mkienda kliniki, mlionyeshe. Mpaka hapo mama asilitumie.

Nisije nikaeleweka kwamba hakuna dawa iliyowahi kutoka kwenye uyoga. Japani iliidhinisha mwaka 1985 dawa iitwayo lentinani, itokanayo na uyoga wa shitake, kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Lakini hiyo ilisafishwa kiwandani, ikapimwa, ikadungwa kwenye mshipa, tena pamoja na matibabu mengine ya saratani. Kati ya sindano hiyo na kijiko cha unga ndani ya maji moto kuna safari ndefu, na anayeuza kopo hajaisafiri.

Jikoni ndiko ninakokupenda zaidi, kwa hiyo nisikilize vizuri hapa.

Ukifika sokoni, usichague kwa ukubwa. Uyoga mzuri wa oista ni mkavu ukiugusa, kingo za kofia zimekunja kidogo kuelekea chini na hazijapasuka, na harufu yake ni nyepesi, tamu. Ukinusa shombo ya samaki au harufu kali kama ya mkojo, au ukikuta unateleza, uache hata kama umepunguziwa bei. Yale manyoya meupe kwenye kitako cha shina si uozo, ni sehemu ya kuvu yenyewe, na unga mweupe unaouona juu ya kofia ya chini ni mbegu zilizodondoka kutoka kofia ya juu. Wanunuzi wengi hurudisha uyoga mzuri kwa sababu ya mambo hayo mawili. Ukifika nyumbani utoe kwenye mfuko wa plastiki au ile sahani iliyofungwa nailoni, uuweke kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye friji utakaa siku tano hivi. Kama hamna friji, upikwe siku hiyohiyo.

Usiuloweke. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, na ikibidi suuza haraka kisha ukung'ute. Kisu huhitaji, isipokuwa kukata kitako kigumu (ambacho usikitupe, kichemshe na kitunguu upate supu). Kofia zipasue kwa vidole kufuata mikunjo iliyo chini yake, zitatoka nyuzi ndefu kama za kuku.

Sasa hili ndilo kosa ninaloliona katika nyumba nyingi za Nairobi: mtu anatia mafuta, anakaanga kitunguu, anatia nyanya, halafu anamimina uyoga juu ya mchuzi. Uyoga unatoa maji yake yote humo, mboga inakuwa ya kijivu na laini kama sifongo, watoto wanakataa, na mama anasema uyoga hauna ladha. Geuza mpangilio. Pasha karai likiwa tupu hadi lipate moto sawasawa, tia uyoga peke yake bila mafuta wala chumvi, na usilijaze, heri upike kwa awamu mbili. Baada ya dakika mbili utaona maji yanajitokeza. Acha yachemke hadi yakauke yote. Utasikia sauti ikibadilika, kutoka kutokota hadi kuchachatika, na uyoga utaanza kulia chini ya mwiko. Hapo ndipo utie kijiko kimoja cha mafuta, uugeuze hadi kingo ziwe na rangi ya dhahabu, uutoe uweke kando. Katika karai hilohilo kaanga kitunguu, saumu na tangawizi, tia nyanya mbili na hoho, ziive hadi ziachane na mafuta, kisha rudisha uyoga, tia chumvi nusu ya ile uliyozoea, dania juu, ndimu ukipenda. Nusu kilo itakuwa imebaki bakuli dogo. Usihisi umepunjwa, ni maji yaliyoondoka.

Hilo la nguvu kupotea kwa moto lisikuhangaishe. Nyuzinyuzi na madini havipotei kwa kukaangwa hivyo. Moto ni lazima, tena. Oista mbichi una protini inayoweza kupasua chembe nyekundu za damu, nayo huharibiwa na joto lililo juu kidogo ya nyuzi 60. Hata ule mweupe wa mviringo kama kifungo, ambao mikahawa ya mjini huukatakata mbichi kwenye saladi, mimi naupika siku zote. Mtu wa tumbo jepesi huona tofauti mara moja.

Ukichoka na nyanya, pika kama watu wa Pwani, kwa tui la nazi na bizari kidogo, lakini kwa mama tumia tui la pili, lile jepesi, maana tui zito lina mafuta mengi yanayogandana. Au upike na njugu karanga zilizosagwa, kijiko kimoja cha mezani kwa bakuli zima. Nyumbani kwetu magharibi, obwoba, yaani uyoga, ulitiwa munyu wa majivu, ule tunaouita musherekha, na hadi leo nikisikia harufu yake najiona jikoni kwa nyanya yangu. Mama hahitaji munyu huo, kwa sababu una madini mengi na presha yake haijatulia.

Sahani yake ya jioni iwe hivi: nusu ni terere, managu au sukumawiki, robo ni ugali, robo iliyobaki ni uyoga wenye ndengu au yai. Gramu 100 hadi 150 za uyoga, ukiupima mbichi, zinatosha, na mara tatu au nne kwa wiki inatosha pia.

Ukipata mwingi kwa bei nzuri, ukaushe. Jua la saa sita la Nairobi lina nguvu sana kwa kuwa tuko karibu na ikweta na kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Tandaza uyoga uliopasuliwa kwenye wavu safi juu ya paa, mikunjo ya chini ikitazama juu. Ndani yake kuna ergosteroli ambayo mwanga wa jua huigeuza kuwa vitamini D, vile ngozi yetu inavyofanya. Robo saa hadi nusu saa ya jua kali la mchana hutosha kuipandisha mno, hata kwa uyoga mbichi utakaopika jioni. Mama anayeshinda ndani ya nyumba ya ghorofa anaihitaji. Mwezi wa saba, jiji likifunikwa na mawingu, tumia dirisha la siku zenye jua au oveni yenye moto mdogo kabisa mlango ukiachwa wazi kidogo. Kilo kumi mbichi hutoa kama kilo moja. Umekauka pale unapouvunja ukalia kama kijiti. Ukipinda, bado, na ukiufungia chupani hivyo utaota ukungu. Ukikauka vizuri usage, na kijiko cha unga huo kwenye supu au kwenye uji wa wimbi usiotiwa sukari ni kitu kizuri sana. Huo ndio unga wa uyoga ninaoukubali: umeujua tangu sokoni.

Wengine wakishapenda hutaka kuuotesha wenyewe chumbani, kwenye mifuko ya mabua. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja kimefundisha wakulima wengi kazi hiyo. Ila usiweke mifuko kwenye chumba anacholala mama. Oista uliokomaa hutoa vumbi jingi la mbegu, na mapafu yanayolivuta kila siku yanaweza kuvimba.

Mwisho ni uyoga wa nyasi za ploti. Jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa nini mama hakukosea aliposema kwao waliula.

Tulipokuwa watoto tulitegana: nyumba yangu ina nguzo moja. Jibu, uyoga. Nguzo moja na paa, ndivyo ulivyo wote, wenye kulisha na wenye kuua. Nyanya yangu hakuwa na kipimo chochote cha kutofautisha. Hakutumbukiza kijiko cha fedha, hakutia kitunguu aone kama kitageuka cheusi, hakungoja kuona kama konokono ameula. Vipimo hivyo vyote ni vya uongo, na konokono hula salama uyoga unaomuua binadamu. Alichokuwa nacho ni vichuguu. Alijua kichuguu kile, nyuma ya shamba lile, kikinyeshewa mvua ya kwanza hutoa uyoga siku fulani, kama kilivyofanya enzi za mamake. Huo ni uyoga wa jamii ya Termitomyces, ambao mchwa huulima wenyewe ndani ya kichuguu kwa majani na miti wanayoitafuna, na shina lake lina mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye shamba lao. Uyoga alioukuta mahali pageni, chini ya mikaratusi au misonobari, aliupita bila hata kuinama.

Mama yako alikula uyoga uliokuwa na mwenyeji wa kuujua. Nyasi za ploti ya Umoja hazina mwenyeji huyo. Kwenye nyasi za Afrika Mashariki huota uyoga mkubwa mweupe uitwao Chlorophyllum molybdites, mzuri wa kutazamwa, ambao mikunjo yake ya chini hugeuka kuwa ya kijani ukizeeka. Ukiwa mchanga ni mweupe kabisa. Ndani ya saa moja hadi tatu hutapisha na kuharisha vibaya, na kwa mtu wa kisukari na presha kupoteza maji kiasi hicho ni hatari kubwa. Wapo na wabaya zaidi, wenye sumu ya ini isiyoondoka kwa kuchemshwa wala kukaushwa. Hiyo huanza kuuma baada ya saa sita au zaidi, kisha mgonjwa anapata nafuu ya siku moja na watu wanashukuru, huku ini linaendelea kufa. Kama kuna mtoto wa ploti ameuonja, mpelekeni hospitali kabla hajaumwa, na mbebe kipande cha uyoga wenyewe kwenye karatasi. Maziwa hayaondoi sumu hiyo.

Mama akiukumbuka sana ule wa kwao, njia ipo. Msimu wa mvua akisafiri ndugu kutoka nyumbani, mwagizeni uyoga wa kichuguu uliokaushwa, kutoka kwa mama anayechuma pale pale kila mwaka. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, uyachuje maji hayo kwa kitambaa kwa sababu mchanga wa kichuguu hauachi kirahisi, na uyatumie kuchemshia. Tia njugu kijiko kimoja na chumvi kidogo sana. Vidonge vya jioni ameze akiwa anakula.